Tairi la jina na tairi la bei nafuu: joto la Saudia halisomi chapa

Kila inapoingia miezi ya Juni na Julai, jua la Riyadh likaanza kuunguza hata mkono unaoshika kitasa cha gari, ndugu zetu walioko Saudia huanza tena mjadala ule ule. Huuanza baada ya sala ya Ijumaa, wakauendeleza kwenye chai ya jioni, na mara nyingi huisha bila ya muafaka. Je, tununue matairi ya majina makubwa kama Michelin, Bridgestone, Continental au Pirelli, au tuchukue haya ya bei nafuu yanayotoka China na Indonesia, ambayo nayo huuzwa kuwa ni ya kiangazi na ya mwendo kasi?

Kundi la kwanza husema rahisi huvunja upishi. Kundi la pili hujibu kwamba ukinunua jina kubwa unalipia matangazo ya mpira na mashindano ya magari, na kwamba mpira ni mpira tu. Sisi tumekaa katika vikao hivyo vya Riyadh na vya Jeddah, tumesikiliza pande zote mbili, na leo tumeona bora tuseme tunavyofikiri. Kwa maoni yetu wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini wote wameliacha swali kubwa zaidi. Swali hilo ni umri wa tairi, joto linaloweza kulistahamili, na nani hasa anayeamua tairi gani lifungwe kwenye gari ambalo mwingine ataliendesha.

Tuanze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita tulisafiri kwa gari kutoka Riyadh kwenda Makka pamoja na kijana mmoja wa Mombasa ambaye kazi yake ilikuwa udereva wa nyumba ya watu. Kabla ya kuondoka tulimuuliza habari za matairi. Akapiga tairi la nyuma kwa mguu, akacheka, akasema: "Ustadh, hili ni tairi la jina, haliwezi kutuangusha." Kabla ya kufika Zalim, saa nane mchana, tairi lile lile likapasuka. Mwenyezi Mungu alitunusuru kwa sababu gari halikuwa katika kasi kubwa na barabara ilikuwa tupu. Tulipoligeuza tairi na kusoma tarakimu za ubavuni tukakuta limetengenezwa miaka minane nyuma. Mwenye gari alilinunua tashlih, yaani kule yanakovunjwa magari mabovu, kwa sababu lilikuwa na jina kubwa na bei ndogo. Jina lilikuwa la kweli, na meno yake yalikuwa bado marefu. Mpira ndio uliokuwa umekufa.

Wasiowahi kupita njia ile pengine hawatajua tunazungumzia nini. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 950, na sehemu kubwa ni jangwa lililonyooka mpaka ufike Taif, ambako barabara hushuka milimani kuelekea Makka na pwani. Mwaka 2018 wakuu wa Saudia walipandisha kikomo cha mwendo katika baadhi ya barabara kuu, ikiwamo ya Riyadh na Taif, hadi kilomita 140 kwa saa kwa magari madogo. Wakati wa kiangazi hewa ya Riyadh hupita digrii 43 bila ya mtu kushangaa. Jeddah, ambayo watu hudhani bahari inaipoza, ilifikia digrii 52 tarehe 22 Juni 2010. Hilo ni joto la hewa peke yake. Lami huwa na moto zaidi, na tairi linazunguka juu ya lami.

Sasa tairi linakufa vipi? Watu wengi hudhani hupasuka kwa sababu upepo umezidi. Aghalabu ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo hulala, ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa moto ndani ya mpira. Moto ukizidi, gundi inayoshika tabaka za nyuzi za chuma hulegea, ngozi ya juu ikabanduka, na dereva aliye katika mwendo wa 140 hubaki na sekunde moja au mbili za kuamua. Ongeza mizigo ya safari, watu watano na mapipa ya Zamzam nyuma, na hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Wanaoamini kwamba jina kubwa ni kinga, tunawakumbusha jambo lililotokea katika nchi hiyo hiyo ya Saudia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, magari ya Ford Explorer yenye matairi ya Firestone yalianza kupata ajali Saudia na katika nchi jirani za Ghuba, ngozi ya tairi ikibanduka katika mwendo mkubwa na gari kupinduka. Firestone ilikuwa mali ya Bridgestone ya Japani, jina ambalo hakuna fundi asiyelijua. Maelezo yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba tatizo ni la watumiaji wa huko, kwamba wanakimbia sana, wanapunguza upepo ili wapite mchangani, na joto lao ni kali. Agosti 1999 Ford ikaanza kubadilisha matairi hayo kwa wateja wa Saudia. Marekani kwenyewe hakuna aliyeambiwa kitu. Baadaye, Bunge la Marekani lilipofanya uchunguzi, yalitolewa maandishi ya ndani ya Ford ya Machi 1999 yakionyesha kwamba wanasheria wa Firestone walikuwa na wasiwasi na hatua ya Saudia, kwa kuwa ingebidi serikali ya Marekani nayo ijulishwe.

Mwaka mmoja baada ya Saudia, Agosti 2000, ndipo Firestone ilipotangaza kuyarejesha matairi milioni 6.5 nchini Marekani. Mamlaka ya usalama wa barabara ya huko, NHTSA, ilihesabu vifo 271 vilivyohusishwa na matairi hayo. Kutokana na msiba huo, Novemba 2000 ilipitishwa sheria mpya ambayo ndiyo iliyozaa kile kitaa cha upepo wa tairi tunachokiona leo kwenye dashibodi za magari mengi. Kwa maneno mengine, barabara za Saudia zilitoa onyo kabla ya dunia nzima, na onyo hilo likachukuliwa kuwa ni tabia mbaya za Waarabu na madereva wao. Somo letu hapa ni mawili. La kwanza, jina kubwa halikuwaokoa waliokufa. La pili, joto la Ghuba ni mtihani ambao tairi lililofaulu kwingine linaweza kuanguka.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba matairi yote ni sawa, na wale wanaosema mpira ni mpira tu wanajidanganya. Pesa ya ziada inanunua kitu, na kitu hicho huonekana zaidi siku ya mvua. Katika lami kavu, tairi jipya la bei nafuu lililotengenezwa kwa uangalifu halitaachwa mbali sana na la bei kubwa. Katika lami iliyolowa pengo linapanuka. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walipoanzisha lebo ya matairi mwaka 2012 walieleza kwamba gari la kawaida likifunga breki katika mwendo wa kilomita 80, tofauti kati ya daraja la juu na la chini kabisa kwenye lami iliyolowa inaweza kufika mita 18. Mita 18 ni urefu wa magari manne yaliyopangwa.

Msomaji wa Riyadh atasema, mvua ya nini katika jangwa? Muulize mwenzako wa Jeddah. Tarehe 25 Novemba 2009 mvua ya saa chache iliigharikisha Jeddah na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ikarudi tena Januari 2011, na tarehe 24 Novemba 2022 ikanyesha kwa wingi uliopita hata ule wa 2009. Katika mafuriko kama yale hakuna tairi linaloweza kumwokoa mtu, na mwenye busara huliacha gari nyumbani. Tunazungumzia nusu saa ya mwanzo, wakati vumbi na mafuta ya miezi minane yanapochanganyika na maji na barabara kuwa kama sabuni. Hapo ndipo mpira mzuri unapolipa deni lake. Kwa hivyo mtu wa Jeddah anayebeba watoto kila siku ana sababu ya kuongeza riyali kidogo kuliko mtu wa Riyadh ambaye mvua kwake ni habari ya siku chache kwa mwaka. Saudia yenyewe ina lebo yake kupitia shirika la viwango la SASO, na lebo hiyo inaonyesha mambo mawili: jinsi tairi linavyokula mafuta na jinsi linavyoshika barabara iliyolowa. Ibandueni, muisome, kabla ya kuitupa kwenye pipa la taka.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengine ambayo muuzaji hatakusomea. Kuna neno TEMPERATURE likifuatiwa na herufi A, B au C, kwa kipimo cha Kimarekani. A ni tairi lililothibitishwa kustahamili joto la mwendo wa zaidi ya kilomita 185 kwa saa. C ni kiwango cha chini kabisa, na kinamtaka mtengenezaji athibitishe mwendo wa kilomita 137 tu. Yaani tairi la C limethibitishwa kwa mwendo ulio chini ya kikomo halali cha barabara ya Riyadh na Taif! Mtu wa Saudia hana sababu ya kukubali chini ya A, na habari njema ni kwamba matairi mengi ya bei nafuu nayo yana A. Kisha iko herufi ya mwendo mwishoni mwa saizi: T ni kilomita 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Pembeni yake iko namba ya uzito, mfano 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Usishuke chini ya zile zilizoandikwa na waliolitengeneza gari lako.

La mwisho na muhimu kuliko yote ni tarakimu nne baada ya herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata likiwa limekaa ghalani, na joto huharakisha uzee huo. Nchini Marekani NHTSA iliangalia madai ya kampuni moja ya bima, ikakuta kwamba majimbo matano ya joto, yakiwamo Texas na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja lakini yalitoa asilimia 77 ya madai ya matairi, na mengi ya madai hayo yalihusu matairi ya zaidi ya miaka 6. Hata Paul Walker, yule mcheza filamu za mbio za magari, alipokufa California Novemba 2013 akiwa ndani ya gari la fahari la Porsche, wachunguzi walisema mwendo ulikuwa mkubwa mno na matairi yalikuwa na miaka 9. Gari la bei ile, na matairi ya uzee ule!

Tufanye hesabu ndogo, na bei hizi ni za mfano tu. Tuseme tairi la bei nafuu ni riyali 250 na linakwenda kilomita 40,000, na la jina kubwa ni riyali 600 na linakwenda kilomita 50,000. Manne ya kwanza ni riyali 1,000, sawa na riyali 25 kwa kila kilomita 1,000. Manne ya pili ni riyali 2,400, sawa na riyali 48. Mwenye gari la nyumbani anayetembea kilomita 8,000 kwa mwaka atayamaliza ya bei nafuu katika mwaka wa tano, wakati ule ule ambapo joto limeshakula mpira wenyewe. Yale ya gharama yatabakiwa na kilomita 10,000 ndani yake, na hapo ndipo penye mtego. Mwenyewe atayaonea huruma kuyatupa, atayaendesha mwaka wa sita na wa saba, au atayauza. Na yule atakayeyanunua atafurahi kwamba amepata jina kubwa kwa bei ya bure.

Tena matairi mengi ya kiangazi ya mwendo kasi, yawe ya jina au yasiwe, hutengenezwa kwa mpira laini ili yashike barabara. Mpira laini huisha upesi. Anayeendesha Camry au Corolla kwenda kazini na kurudi hana haja ya tairi la mashindano, hata akipunguziwa bei.

Kwa hivyo ukitutaka tuseme kwa mkato, msimamo wetu ni huu. Tairi jipya la bei nafuu, lenye A ya joto, namba sahihi za mwendo na uzito, na lililotengenezwa ndani ya mwaka uliopita au huu, ni bora mara nyingi kuliko tairi kuukuu la jina kubwa. Mwenye uwezo na anayeishi Jeddah, au anayesafiri njia ndefu na familia, aongeze pesa apate mpira ulio bora kwenye maji. Asiye na uwezo asione haya, ila asinunue lililotumika. Ukibadilisha mawili tu, mapya yakae nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma ni vigumu kulirudisha. Na upepo upimwe baada ya sala ya alfajiri kabla gari halijatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Kila joto linapopanda digrii 5 au 6, upepo huongezeka kama pauni 1, kwa hivyo anayeupunguza mchana njiani akidhani umezidi anajichimbia kaburi kwa mkono wake.

Lakini yote haya ni nasaha kwa anayechagua. Ndugu zetu wengi hawachagui. Dereva wa nyumba, dereva wa lori dogo, kijana anayepeleka mizigo ya maduka, wote wanaendesha gari la mtu mwingine. Kafili ndiye anayenunua matairi, na kafili hapandi gari lile safari ya Makka saa nane mchana. Akiambiwa tairi limezeeka, husema lilipita ukaguzi wa mwaka. Ajali ikitokea, suala la kwanza linaloulizwa ni mwendo wa dereva, na dereva mgeni aliyelazwa hospitali bila ya lugha ni mtu mwepesi wa kulaumiwa. Mwaka 2016 watu zaidi ya 9,000 walikufa katika barabara za Saudia. Idadi hiyo imeshuka sana miaka iliyofuata, na wakuu wa huko wanastahiki pongezi. Hata hivyo kamera za barabarani hupima mwendo, hazipimi umri wa mpira.

Tunawashauri madereva wetu jambo moja jepesi. Siku unayokabidhiwa gari, piga picha tarakimu za DOT za matairi yote manne na la akiba, mtumie mwenye gari kwa simu, na umwandikie kwa adabu kwamba tairi fulani lina miaka kadha. Ujumbe huo una tarehe, na siku ya shida utasema kwa niaba yako. Na balozi za Kenya, Tanzania na Uganda mjini Riyadh, ambazo serikali zao hujadili mikataba ya kuwapeleka vijana kazini, tunaziuliza: mbona mikataba inataja mshahara, chumba na tikiti, na haitaji gari salama kwa yule ambaye gari ndiyo ofisi yake? Kifungu kimoja tu kingetosha, kwamba dereva ana haki ya kukataa kuendesha gari lenye matairi mabovu bila ya kupoteza kazi.

Na walioko nyumbani wasidhani hadithi hii haiwahusu. Afrika Mashariki tulikuwa na viwanda vyetu. General Tyre ya Arusha ilisimama mwaka 2009, na kiwanda cha Nairobi kilichotoa matairi ya Yana kikafungwa mwaka 2016. Hayo yalikuwa matairi ya bei nafuu, mapya, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara zetu. Leo vijana wetu wanajivunia tairi la mtumba lenye jina la Ulaya lililoshushwa kwenye kontena, wamelifunga kwenye daladala na matatu, na hakuna anayeinama kusoma tarakimu nne. Saudia, ambayo haikuwa na kiwanda, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba mfuko wake wa uwekezaji utajenga kimoja kaskazini ya Jeddah pamoja na Pirelli. Wao wanajenga, sisi tumefunga.

Yule kijana wa Mombasa bado anaendesha. Siku hizi, kabla ya kuondoka, hapigi tena tairi kwa mguu. Huinama, akafuta vumbi kwa kiganja, akasoma. Tunawaomba na nyinyi muiname.